Charleston: Nani Alimsamehe Nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumatano ya Juni 17, 2015, mjini Charleston, jimbo la South Carolina nchini Marekani, watu kumi na wawili walikuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa lao wakisoma Biblia. Akaingia kijana wa kizungu ambaye hakuna aliyemfahamu. Kanisa lile ni la Weusi, lakini hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Alipewa kiti kando ya mchungaji na karatasi ya somo. Usiku ule walikuwa kwenye Marko sura ya nne, mfano wa mpanzi na mbegu zilizoangukia penye mwamba. Alikaa nao karibu saa nzima. Walipofumba macho kwa sala ya mwisho, akachomoa bastola. Waliuawa watu tisa. Mkubwa wao alikuwa bibi wa miaka 87, mdogo wao kijana wa miaka 26.

Jina la muuaji limo kwenye majalada ya mahakama na anayelitaka atalipata. Hapa sitaliandika, kwa sababu kujulikana ndiko alikokutafuta.

Kilichosambaa duniani baada ya hapo ni hadithi ya sentensi tatu: wafiwa walimsamehe muuaji, mji ukaungana Weusi kwa wazungu, na bendera ya watetezi wa utumwa ikashushwa. Imesimuliwa mara nyingi hivi kwamba wengi wetu tunaamini la kwanza lilizaa la pili, na la pili likazaa la tatu. Nimeifuatilia habari hii kwa miaka, na naona tumeunganisha mambo ambayo kila moja lilikuwa na wenyewe wake na chanzo chake. Tukiyafungua fundo moja moja, tutaona umoja ule ulifanya kazi gani, na kazi gani haukuifanya.

Kanisa lililokwisha kuvunjwa mara moja

Wenyeji huliita kanisa hilo Mama Emanuel. Ni la madhehebu ya AME, yaani kanisa la Kimethodisti lililoanzishwa na Weusi wenyewe kule Philadelphia mwaka 1816, baada ya kuchoka kusali kwenye viti vya nyuma vya makanisa ya wazungu. Charleston walikuwa na sababu yao ya ziada. Wamethodisti wa kizungu walijenga banda la kuwekea gari la maiti juu ya makaburi ya Weusi. Mwaka 1818 waumini Weusi zaidi ya elfu nne wakajitoa, wakamfuata mhubiri wao Morris Brown. Wengi wao walikuwa watumwa. Fikiria mtu asiyemiliki hata mwili wake akiondoka kanisani kwa hiari yake mwenyewe.

Miaka minne baadaye, 1822, seremala mmoja aliyekuwa amejikomboa utumwani kwa fedha za bahati nasibu, Denmark Vesey, alishtakiwa kwa kupanga uasi wa watumwa. Alikuwa mtu wa kanisa hilo. Alinyongwa pamoja na wengine, jumla yao 35, na kanisa likabomolewa. Mwaka 1834 makanisa ya Weusi yakapigwa marufuku kabisa mjini, waumini wakasali kwa siri hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1865. Jengo lililopo leo ni la mwaka 1891. Limesimama kwenye barabara ya Calhoun, iliyopewa jina la John C. Calhoun, makamu wa rais aliyesema utumwa ni jambo jema, si uovu wa kuvumiliwa. Umbali mfupi kutoka kanisani, sanamu yake ilisimama juu ya mnara mrefu ikiwatazama wapita njia. Waliokwenda kuhani msiba mwaka 2015 waliweka maua kwenye barabara yenye jina lake.

Muuaji alilijua hilo, walau kwa namna yake. Hakuwa mkazi wa Charleston. Aliendesha gari kutoka pande za Columbia, mji mkuu wa jimbo, na maandishi yake yanaeleza kwamba aliuchagua mji huu kwa historia yake. Itikadi yake hakuipata nyumbani wala shuleni. Aliandika kwamba alitafuta mtandaoni habari za Weusi wanaoua wazungu, akafikishwa kwenye tovuti ya kikundi cha wabaguzi, na akaanzia hapo. Lengo lake lilikuwa kuwasha vita vya rangi. Tulikumbuke hilo, maana sifa zetu nyingi juu ya kisa hiki zinatokana na ukweli kwamba vita hivyo havikutokea.

Tena palikuwa na kuni kavu. Aprili 4 mwaka huohuo, mji jirani wa North Charleston, polisi wa kizungu alimpiga risasi za mgongoni Walter Scott, mtu Mweusi aliyekuwa akikimbia bila silaha. Mpita njia alirekodi kwa simu. Mwishoni mwa mwezi huo Baltimore ikawaka moto kwa sababu ya kijana mwingine aliyefia mikononi mwa polisi. Mchungaji wa Mama Emanuel, Clementa Pinckney, alikuwa pia seneta wa jimbo. Alianza kuhubiri akiwa na miaka 13, akaingia bungeni akiwa na 23. Baada ya kifo cha Scott alisimama Seneti akawakumbusha wenzake habari za mtume Tomaso, ambaye hakuamini mpaka alipoona. Sasa mmeona, aliwaambia kwa maana hiyo, tuwavishe polisi kamera. Sheria ikapita na gavana akaitia saini Juni 10. Wiki moja baadaye Pinckney akauawa, akiwa na miaka 41.

Kusamehe na kusameheana

Ijumaa ya Juni 19, siku mbili baada ya mauaji, palikuwa na kikao kifupi cha mahakama kuhusu dhamana. Vikao vya namna hii huwa vya dakika chache na havina mvuto. Mshtakiwa hakuletwa hata chumbani, alionekana kwenye skrini akiwa gerezani. Hakimu alianza kwa kusema kwamba upande wa familia ya kijana huyu nao kuna waathirika, maneno yaliyowaudhi wengi, na mimi nikiwamo. Kisha akawauliza wafiwa kama wana la kusema. Hawakuwa wameandaa chochote. Miili ilikuwa haijazikwa.

Binti mmoja alisema kwamba hatazungumza tena na mama yake, hatamkumbatia tena, kisha akamwambia muuaji kwamba anamsamehe. Mwingine alikiri kwamba ana hasira nyingi na kwamba yeye bado anajengwa, lakini nyumba aliyolelewa haina nafasi ya chuki, hivyo hawana budi kusamehe. Wakafuata wengine. Dunia ikapigwa na butwaa.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinasaidia kuliko Kiingereza kilichotuletea habari. Sisi tuna kusamehe na tuna kusameheana. Tuna kupata na kupatana, kuunga na kuungana. Kiambishi kile kidogo cha *-an-* hakikubali mtu mmoja. Kusamehe unaweza peke yako, usiku, kitandani, aliyekukosea akiwa hajui wala hajali. Kusameheana na kupatana vinataka watu wawili, na mmoja wao aseme nimekosa.

Pale Charleston watu walisamehe, lakini hakuna waliosameheana. Muuaji hakuomba radhi siku ile wala baadaye. Gerezani aliandika kwamba hajutii na hajatoa hata chozi kwa watu wasio na hatia aliowaua. Kesi ilipofika mwisho, Januari 2017, aliwaambia wazee wa baraza kwamba bado anaona alilazimika kufanya alichofanya. Ule msamaha kwa hiyo haukuwa mkataba wa pande mbili. Ulikuwa mzigo ambao mtu mmoja mmoja aliamua kuutua asije akafa nao.

Wala hawakuutua wote. Wapo wafiwa waliosema waziwazi kwamba hawajasamehe, na ndugu wa damu waliofiwa na mama mmoja walitofautiana hadharani. Hili lilifunikwa haraka na vichwa vya habari vilivyoandika kwamba “Charleston yasamehe.” Charleston haikusamehe, kwa sababu haikuwa na cha kusamehe. Aliyeuliwa mama yake ndiye mwenye haki hiyo. Wengine sote tulikuwa watazamaji waliofarijika kwa sababu wafiwa hawakututia aibu kwa hasira yao.

Waandishi wengi Weusi wa Marekani walilalamika wakati ule: kwa nini mtu Mweusi anatarajiwa kusamehe kabla ya matanga kuanuliwa, wakati hakuna anayemtarajia mzungu kufanya hivyo? Swali lao lina uzito. Lakini naona upande wa pili pia. Kanisa lililovunjwa mwaka 1822 na kufungiwa mwaka 1834 lilikuwa la watu wasio na mahakama ya kukimbilia. Kwa vizazi hivyo vyote msamaha kwao ulikuwa nidhamu ya kujilinda, njia ya kumnyima mwenye nguvu nafasi ya kukaa moyoni mwako pia. Aliyeuita unyonge hakuwa amekaa kwenye viti vyao. Na aliyeutumia kuwanyamazisha waliotaka haki alifanya wizi wa aina yake.

Daraja

Jumapili ya Juni 21 kanisa lilifunguliwa kwa ibada, na kengele za makanisa mjini zilipigwa saa nne asubuhi. Jioni watu waliokadiriwa kuwa zaidi ya elfu kumi walitembea kwenye daraja la Ravenel juu ya mto Cooper. Wengine walitokea upande wa Charleston, wengine upande wa Mount Pleasant ambako wakazi wengi ni wazungu, wakakutana katikati wakiwa wameshikana mikono.

Mimi huwa nazishuku picha za mikono iliyoshikana, kwa kuwa mkono hushikika kwa bei nafuu. Ila hii naiheshimu kwa sababu mbili. Kwanza, daraja lenyewe limepewa jina la Arthur Ravenel, mwanasiasa aliyelipigania lijengwe na ambaye mwaka 2000 alipanda jukwaani kuitetea bendera ya Kusini, ileile ya watetezi wa utumwa. Elfu kumi waliomlilia mchungaji Mweusi walikanyaga jina lake, na wengi huenda hawakulifikiria hilo. Pili, mtu aliyepanga vita vya rangi alikuwa hajamaliza hata wiki moja gerezani, na jibu la kwanza la mji lilikuwa umati wa rangi zote uliofurika hadharani bila kioo kuvunjwa. Kwa kipimo alichojiwekea mwenyewe, alishindwa.

Ni lazima hata hivyo tuseme kwa nini ilikuwa rahisi zaidi kuungana Charleston kuliko Baltimore. Muuaji hakuwa polisi. Alikamatwa asubuhi iliyofuata huko Shelby, North Carolina, na hakuna aliyesimama kumtetea. Waliouawa walikuwa wachungaji, mkutubi, mwalimu, bibi wa miaka 87, na waliuawa wakisali. Mzungu wa Mount Pleasant hakulazimika kuchagua upande. Kwa Walter Scott alilazimika, maana aliyeua alikuwa mtumishi anayelipwa kwa kodi yake. Ndiyo maana hakuna elfu kumi waliotembea darajani mwezi Aprili. Umoja huwa mwepesi pale mkosaji anapokuwa mgeni, na mgumu anapokuwa wa nyumbani mwako.

Hata hivyo haukuisha siku ile. Mkuu wa polisi wa Charleston wakati huo, Greg Mullen, alianzisha baada ya mauaji mpango wa vikao vya kuwasikiliza wakazi mitaa kwa mitaa. Kazi ya viti na daftari, isiyopigwa picha. Na baadaye wafiwa wa Charleston wakawa wenyeji wa wafiwa wengine. Oktoba 2018 mtu mwenye chuki alipoua Wayahudi kumi na mmoja katika sinagogi la Tree of Life huko Pittsburgh, mchungaji mpya wa Mama Emanuel, Eric Manning, alikwenda kukaa na rabi Jeffrey Myers. Waislamu wa Marekani wakachangisha zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya familia zile. Machi 2019 ikafika zamu ya misikiti ya Christchurch, New Zealand, ambako waliuawa watu 51, na Wayahudi wa Pittsburgh wakarudisha mchango. Muuaji wa Christchurch aliandika kwamba aliyasoma maandishi ya yule wa Charleston. Kumbe chuki nayo ina jumuiya yake inayovuka mipaka, na inasomana.

Kilichoishusha bendera

Tufike kwenye bendera, fundo ambalo wengi hulifungua vibaya.

Bendera ya vita ya Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga na Marekani mwaka 1860 na 1861 ili kuulinda utumwa, ilipandishwa kwenye kuba la jengo la Bunge la jimbo huko Columbia mwaka 1961. Waliisingizia maadhimisho ya miaka mia ya vita, lakini ule ulikuwa mwanzo wa miaka ya sitini, wakati Weusi wakidai kula meza moja na kupiga kura. Ilibaki pale hadi mwaka 2000, ilipoteremshwa kwa makubaliano na kusimikwa kwenye mnara wa askari mbele ya jengo hilohilo. Makubaliano hayo yalikuja na sheria: hakuna wa kuigusa bila theluthi mbili za Bunge la jimbo.

Matokeo ya sheria hiyo yalionekana asubuhi ya Juni 18. Bendera ya taifa na ya jimbo zilishushwa nusu mlingoti. Ile ya Kusini ikabaki juu kabisa, kwa kuwa gavana hakuwa na mamlaka nayo. Juni 24 jeneza la Pinckney lilipopelekwa kuwekwa ndani ya jengo lile, walitundika kitambaa cheusi dirishani ili waombolezaji wasiione.

Juni 27 mwanaharakati Mweusi, Bree Newsome, akavaa vifaa vya wapanda milima na kukwea mlingoti. Chini yake alisimama mzungu, James Tyson, akimlinda. Aliifungua bendera akashuka nayo, wote wawili wakakamatwa, na bendera ikapandishwa tena baada ya muda mfupi. Kama ningeambiwa nichague picha moja ya kuungana kwa rangi mbili katika kisa chote hiki, ningeacha daraja nichukue hii. Kule darajani hakuna aliyekuwa anahatarisha kitu. Hapa kulikuwa na pingu.

Gavana Nikki Haley alitangaza Juni 22 kwamba bendera iondolewe. Mwaka mmoja kabla, alipoulizwa kwenye mdahalo wa uchaguzi, alijibu kwamba hakuna mkuu wa kampuni hata mmoja aliyewahi kumlalamikia juu yake. Jibu hilo linafunua mengi. Tangu mwaka 2000 chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kilikuwa kimeisusia South Carolina, na chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kilikuwa kimekataa kupeleka mashindano yake makubwa huko. Baada ya mauaji, maduka makubwa kama Walmart na Amazon yaliacha kuiuza bendera hiyo ndani ya siku chache. Shinikizo la miaka kumi na tano lilikuwa limeula mlingoti ndani kwa ndani kama mchwa, na damu ya watu tisa ikausukuma.

Seneti ilipiga kura 36 kwa 3. Mmoja wa waliosimama kuunga mkono alikuwa Paul Thurmond, mwana wa Strom Thurmond, yule seneta ambaye mwaka 1957 alihutubia zaidi ya saa 24 mfululizo ili kuizuia sheria ya haki za raia. Baraza la wawakilishi lilijadili siku nzima na kumaliza usiku wa manane wa kuamkia Julai 9: 94 kwa 20. Julai 10 bendera ikateremshwa na kupelekwa makumbusho.

Kwa hiyo msamaha uliishusha? Ulisaidia, nakubali. Ulimpa mbunge wa kizungu aliyekuwa akiogopa wapigakura wake kisingizio cha heshima: kama wafiwa wameweza lile, mimi nashindwaje hili? Lakini waliokuwa wamesusia, walioandamana na waliokamatwa ndio waliouandaa mlango. Kusema kwamba upole peke yake ulitosha ni kuwafuta hao kwenye hadithi.

Sanamu ya Calhoun ilichukua muda mrefu zaidi. Juni 2018 baraza la mji liliomba radhi kwa utumwa, mji ambao inakadiriwa karibu asilimia 40 ya Waafrika walioletwa utumwani Amerika Kaskazini waliteremshwa kwenye bandari yake. Kura zilikuwa 7 kwa 5. Miaka mitatu baada ya daraja, madiwani watano hawakuweza kutamka neno la radhi. Sanamu ilishushwa Juni 24, 2020, baada ya mauaji ya George Floyd, mtu Mweusi aliyeuawa na polisi, kuitikisa nchi nzima.

Bastola na siku tatu

Kuna swali ambalo halipendezi kwenye hadithi za umoja: bastola aliipata wapi?

Aliinunua dukani, kihalali kwa sura. Muuza silaha mwenye leseni Marekani hupeleka jina la mteja kwa FBI kukaguliwa. Jibu lisipokuja ndani ya siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Kijana huyu alikuwa amekamatwa miezi michache kabla na kukiri kuwa na dawa za kulevya, jambo ambalo lingemzuia. Lakini kumbukumbu zilionyesha kituo cha polisi kisichohusika, mkaguzi akauliza pasipo na jibu, siku tatu zikapita, na Aprili 2015 akakabidhiwa bastola. Mkurugenzi wa FBI James Comey alikiri kosa hilo mwezi Julai. Tangu hapo pengo hilo linaitwa kwa jina la mji: mwanya wa Charleston.

Waathirika waliishitaki serikali. Oktoba 2021 Wizara ya Sheria ilikubali kuwalipa dola milioni 88. Idadi hiyo haikuja kwa bahati tu. Kwa wabaguzi wa kizungu 88 ni namba ya siri ya kumsalimu Hitler, na muuaji alibeba risasi 88 kanisani. Mawakili wa familia walisema waliichagua makusudi. Nakiri kwamba hii niliifurahia kuliko hotuba zote zilizotolewa.

Mwanya wenyewe je? Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kuuziba mwaka 2019 na tena 2021, mara zote ukakwama Seneti. Sheria iliyopita mwaka 2022 iliongeza muda wa ukaguzi, lakini kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Yule wa Charleston alikuwa ametimiza 21 mwezi uleule aliponunua.

Mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa makosa 33 Desemba 2016, mengi yakiwa ya chuki, na Januari 2017 ikamhukumu kifo. Hapo tena wafiwa waligawanyika: wapo waliopinga auawe, wapo waliotaka. Desemba 2024 Rais Joe Biden alipowapunguzia adhabu wafungwa 37 kati ya 40 waliokuwa wakisubiri kuuawa na serikali kuu, muuaji huyu alikuwa mmoja wa watatu walioachwa.

Angalia neno *shirikisho* hapo. Makosa ya chuki aliyotiwa hatiani ni ya sheria za taifa. South Carolina yenyewe haina sheria ya jimbo inayoongeza adhabu kwa uhalifu wa chuki, ikiwa miongoni mwa majimbo mawili tu yaliyobaki hivyo, pamoja na Wyoming. Mji wa Charleston ulijitungia yake ndogo mwaka 2018. Wakati huohuo, rasi ya kale ambayo kanisa limesimama, iliyokuwa na Weusi wengi kuliko wazungu miaka ya 1980, imegeuka kuwa ya wazungu na watalii kwa sababu kodi na bei za nyumba zimewasukuma wenyeji nje. Waumini wengi wa Mama Emanuel huja Jumapili kwa gari kutoka mbali. Hakuna aliyewafukuza kwa chuki. Hakuna daraja lililojaa watu kwa ajili yao pia.

Asubuhi ya Juni 18, 2015, wenzake Pinckney waliingia Seneti wakakuta meza yake imefunikwa kitambaa cheusi na waridi moja juu yake. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi la jimbo lilipitisha muswada wa sheria ya uhalifu wa chuki uliopewa jina lake. Ukapelekwa Seneti, ukafia hapo. Mwaka 2023 ukapitishwa tena, ukapelekwa tena. Ulipotimia mwaka wa kumi wa msiba, Juni 2025, jimbo lilikuwa bado halina sheria hiyo.